Mpaka wa Itombwe uliochorwa tukiwa kambini



Katika mkutano uliopita mama mmoja, mwanachama wetu tangu siku za kwanza, alisimama akauliza swali ambalo kamati haikuweza kulijibu palepale: "Ile shamba ya baba yangu kule juu, ni yangu ao ni ya nyama?" Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana wengi wana swali hilohilo moyoni. Tuliahidi kuandika historia ya jambo hili ili kila mtu aisome, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Ndiyo hii.

Mama huyu alirudi kutoka Lugufu mwaka 2007. Alishuka Baraka na watoto, masufuria, hema la plastiki na magunia mawili. Alikaa karibu mwaka mzima kwa shemeji yake, halafu akapanda mlima kutafuta shamba la marehemu baba yake. Alilikuta limegeuka pori, lakini miti ya avoka aliyoipanda mzee ilikuwa bado inazaa. Alipoanza kufyeka, vijana wawili walipita wakamwambia asikate tena, hapo ni rezavu. Akauliza, tangu lini? Wakamjibu, tangu 2006. Yeye mwaka 2006 alikuwa kambini, anapanga foleni ya unga.

Tuanze basi na sisi wenyewe. Tulikimbia mwaka 1996, wengine 1998, wengine mara zote mbili. Tulivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule wa 1996, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Kule tulijifunza mambo ya mazingira bila semina na bila perdiemu. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa 4 nje ya kambi bila kibali, na watu makumi ya maelfu walikuwa wote wanapika kwa kuni. Kila mwaka kuni zilikuwa mbali zaidi. Wamama na wasichana waliokwenda kuzitafuta walipigwa, walikamatwa, na wengine walifanyiwa mabaya ambayo hatutayaandika hapa. Wenyeji wa vijiji vya jirani walilalamika kwamba tumewamalizia miti, na tuseme kweli, walikuwa na haki. Tulijifunza kufinyanga jiko la udongo linalokula kuni kidogo. Watoto wetu walijifunza kusema "mkaa" pale ambapo sisi tunasema makala, na mpaka leo ukisikia mtoto anasema mkaa huku Baraka unajua amezaliwa wapi.

Kurudi kwa meli za HCR kutoka Kigoma mpaka Baraka kulianza mwaka 2005. Mnaikumbuka Mwongozo, na namna watu walivyoanza kuimba milima ilipoonekana. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Kwa hiyo katika miaka ile ya katikati, watu wengi sana wa Fizi walikuwa bado ng'ambo, na waliorudi walikuwa wanatafuta mabati na mbegu. Hakuna aliyekuwa anauliza habari za Kinshasa.

Na Kinshasa ndiko jambo lilikofanyika. Tarehe 11 mwezi wa 10 mwaka 2006, Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Anselme Enerunga, alitia sahihi amri inayounda Rezavu ya Itombwe. Angalieni tarehe. Duru ya kwanza ya uchaguzi ilipita mwezi wa 7, duru ya pili ilikuwa tarehe 29 ya mwezi uleule wa 10. Inchi nzima ilikuwa inaangalia Kabila na Bemba. Eneo lililochorwa lilikadiriwa kuwa kama kilometa za mraba 15,000, ni kusema zaidi ya nusu ya Burundi nzima. Ndani yake mlikuwa na vijiji, masoko, makanisa, shule, mashimo ya dhahabu, malisho ya ngombe na makaburi ya wazee wetu. Wenyeji wengi walipata habari baadaye, kwa kusikia, sawa vile mtu anavyosikia habari ya kifo kutoka kwa mpita njia.

Hatusemi kwamba msitu ule haustahili kulindwa. Hapo tuelewane vizuri, ju kuna wandugu kati yetu wanaotaka tuandike kwamba rezavu ni uongo wa Wazungu. Hapana. Itombwe ni milima inayopita meta 3,000, na msitu wake wa baridi ni mmoja kati ya mikubwa iliyobaki katika milima ya Afrika yote. Mto Ulindi na mto Elila inaanzia kule, inashuka magharibi mpaka Lualaba. Upande wetu, Mutambala unashuka ziwani karibu na Baraka. Mtu wa Baraka anayechota maji, au anayelima mchele bondeni, anaishi kwa mvua inayoshikwa na miti ambayo hajawahi kuiona.

Na nyama wako. Mwaka 1959 watafiti wawili kutoka Marekani, John Emlen na George Schaller, walizunguka milima hii kutafuta gorila. Gorila wa huku, yule wa bondeni upande wa mashariki, hapatikani inchi nyingine yoyote duniani, ni Kongo tu. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilisema wamebaki 3,800. Miaka mitano baadaye hesabu mpya ikasema 6,800, si kwa sababu walizaana mbio namna hiyo, ni kwa sababu watu waliweza kufika mahali ambapo mbele hawakufika. Lakini ukitoa hata 6,800 kwenye 17,000, unaona vita vyetu vilikula nini. Kuna pia bundi mmoja mdogo ambaye Alexandre Prigogine wa Ubelgiji alimpata Itombwe mwaka 1951. Baadaye hakukamatwa mwingine mpaka mwaka 1996, mwaka uleule tuliokimbia sisi. Wazee wengine walipoambiwa habari hii walisema bundi si kitu cha kutafuta, aachwe huko huko.

Wazee wenyewe walikuwa na sheria zao za msitu. Kwa Barega, kakakuona hawindwi hovyo. Anayemkuta amekufa anawapelekea wakubwa wa bwami. Kulikuwa na vilima ambavyo havikatwi na mahali pa mto ambapo havuliwi. Hii haimaanishi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Watu walikuwa wachache, bunduki zilikuwa chache, na dhahabu haikuwa na bei ya leo. Lakini inamaanisha kwamba neno "kulinda" halikuletwa na gari.

Kwa nini basi watu waliogopa? Ju ya Kahuzi. Kila mtu wa Kivu Kusini anaijua historia ile. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ikiwa na kama kilometa za mraba 600. Mwaka 1975 iliongezwa ikafika 6,000, mara kumi. Batwa waliokuwa wanaishi ndani walitolewa bila kulipwa na bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka katika orodha ya mali ya dunia yote. Mali ya dunia yote, na waliokuwa wanalala ndani yake wakabaki kando ya barabara wakiombaomba vibarua. Hivyo Itombwe iliposikika kwenye redio, mzee wa Mwenga au wa Fizi hakuhitaji kuelezwa. Alisema: "Ni Kahuzi inakuja."

Hapa tuweke jambo moja ambalo sisi wa ziwani tunapaswa kulijua kuliko wengine. Tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka 2003, Dar es Salaam, inchi nne za ziwa Tanganyika, ni kusema Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulilinda ziwa. Ziwa letu lina karibu sehemu moja kwa sita ya maji yote yasiyo na chumvi yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Mkataba ule unataja kanuni zake, na kati ya hizo kuna hii: anayechafua alipe, na hii: wenyeji washirikishwe katika maamuzi yanayowagusa. Kutoka mkataba ule ukazaliwa uongozi wa pamoja wa ziwa wenye ofisi Bujumbura. Kwa hiyo serikali yetu ilikuwa imekwisha kuandika, kwa sahihi yake, kwamba watu wa pwani ya ziwa wasikilizwe. Miaka mitatu baadaye, kwenye milima inayotoa maji ya ziwa lilelile, ikachora mpaka bila kumwuliza mtu. Hilo ndilo watetezi wa Itombwe walilolishika. Hawakusema "hatutaki". Walisema "mlikwisha kukubali kutuuliza mahali pengine, mtuulize na huku."

Kazi hiyo ilidumu karibu miaka kumi, na tunataka kuieleza polepole kwa sababu ni hapo tunapoweza kujifunza kitu.

Kwanza kulikuwa na kukataa. Vikao vilifanyika vijijini, barua zikaandikwa kwa gavana na kwa Kinshasa, machefu wakasema hawajui mpaka wowote. Sehemu fulani watumishi wa mazingira hawakupokelewa. Halafu, polepole, mashirika yaliyokuwa yametaka rezavu na mashirika yaliyokuwa yanatetea wenyeji yakaketi meza moja. Kulikuwa na ICCN ya serikali, WWF na WCS upande wa kulinda nyama, na upande wa haki za wenyeji Rainforest Foundation pamoja na watu wa hapahapa kama Africapacity. Msifikiri walipendana mara moja. Wengine walikuwa wanahesabu gorila, wengine wanahesabu vijiji, na kila mmoja aliona karatasi ya mwenzake ina kasoro.

Kilichowapatanisha ni ramani. Walienda kijiji kwa kijiji, wakakutana na wazee, wamama, wawindaji, wachungaji wa ngombe, Batwa. Watu walichora kwanza chini, kwa fimbo na mawe: hapa mto, hapa kilima, hapa njia ya soko, hapa makaburi, hapa tunapotega, hapa tunapopata uyoga, hapa hakuna mtu anayefika. Kisha ikahamishwa kwenye karatasi kubwa, na vijana wakafundishwa kutumia mashine ya GPS, wakatembea siku nyingi kuhakikisha kama yaliyochorwa chini ndiyo yaliyoko. Ukienda na mzee msituni anakutajia jina la kila kijito. Ramani ya ofisi ilikuwa na sehemu nyeupe zisizo na jina hata moja, na amri ya 2006 iliona sehemu hizo nyeupe ikadhani hamna mtu.

Tunakubali pia kwamba ramani ilifungua maneno kati yetu. Itombwe ni ya Babembe, Barega, Banyindu, Bafuliru, Banyamulenge, Batwa, na ukianza kuandika nani anaitwa mwenye kilima gani, unagusa vidonda. Sehemu nyingine kazi ilisimama kwa sababu hiyo, na sehemu nyingine kwa sababu ya bunduki. Na waliokuwa bado kambini hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Mzee akisema "hapa hamna mtu anayelima", mara nyingi alikuwa anasema kweli ya siku ile, maana mwenye shamba alikuwa Nyarugusu. Hilo ndilo pengo letu sisi waliorudi, na hatumlaumu mtu. Lakini lipo.

Mwaka 2016, katikati ya mwaka, gavana wa Kivu Kusini wa wakati ule, Marcellin Cishambo, alitia sahihi amri ya jimbo iliyoweka mipaka mipya. Eneo lilishuka kutoka zile 15,000 mpaka karibu kilometa za mraba 5,700. Na ndani yake mkawekwa mafungu: sehemu ya katikati ambayo haiguswi, sehemu ya matumizi ambapo wenyeji wanaweza kuendelea na kazi zao kwa masharti, na sehemu ya maendeleo ambapo vijiji na mashamba vinabaki. Hakuna kijiji kilichohamishwa kwa nguvu. Katika historia ya kulinda nyama katika Kongo, jambo la namna hiyo si la kawaida, na waliolipigania wengi hawakulipwa hata faranga. Tunawaheshimu.

Sasa, karatasi ni karatasi. Tangu 2016 milima imeona mengine. Vita vya milima mirefu viliwaka tena, vijiji vikachomwa pande zote, na kati ya wanachama wetu wako waliorudi kutoka Tanzania, wakajenga kule juu, wakakimbia tena mpaka pwani. Mlinzi wa rezavu ambaye hana kiatu wala mshahara hawezi kumwambia mwenye bunduki atoke.

Halafu kuna dhahabu. Katika Mwenga mashine kubwa zimeingia ndani ya mito yenyewe, zinageuza kitanda cha mto juu chini, na maji yanashuka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wachimbaji wadogo nao wanatumia zebaki kushikisha dhahabu, wanaichoma kwa moto mahali wanapopikia, na mabaki yanaingia mtoni na katika samaki. Mwezi wa 8 mwaka 2021, baada ya wakaaji wa Mwenga kulalamika sana, gavana alisimamisha makampuni kadhaa ya kigeni. Mwezi wa 7 mwaka 2024 gavana mwingine alisimamisha uchimbaji wote wa madini katika jimbo. Tunayataja yote mawili kwa sababu yanaonyesha kwamba kelele za raia zinafika. Lakini mto ukigeuzwa rangi mwaka huu haungoji amri ya mwaka ujao.

Na sisi wa chini tunapokea yote. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ulivunja Uvira. Nyumba zilikwenda, watu walikufa, na mitambo ya maji ya mji ikaharibika, watu wakarudi kuchota ziwani na mtoni. Kipindupindu Uvira na Baraka si mgeni. Kimekaa nasi miaka mingi, na kila mara maji ya bomba yanapokatika kinaamka. Kisha usiku wa 8 kuamkia 9 mwezi wa 5 mwaka 2025, mto Kasaba katika sekta ya Ngandja, Fizi yetu hii, ulishuka na mawe na miti ukafagia kijiji watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 100 walihesabiwa kufa. Chama kilichangisha sanda na unga, mnajua. Hatuwezi kusema mti gani uliokatwa uliua mtu gani. Mvua kubwa ilinyesha, na milima ile ina mteremko mkali. Lakini mlima uliovuliwa miti hauwezi kushika maji. Kila mkulima anajua, hahitaji injinia.

Hapo ndipo mkutano wetu uliwaka moto, na inafaa tuandike ilivyokuwa. Ndugu mmoja, mvuvi, alisema wa milimani waache kuchoma makala. Ndugu mwingine, ambaye anachoma makala na analipa karo ya watoto wanne kwa kazi hiyo, alimwuliza: "Na wewe samaki yako bibi anapika na nini?" Hakukuwa na jibu. Kila mbabula ya Baraka inawaka makala. Umeme wa mto Ruzizi, ambao bwawa lake la kwanza lilijengwa mwisho wa miaka ya 1950 na la pili lilikamilika mwaka 1989 likiwa la inchi tatu pamoja, wengi wetu hatujawahi kuuwashia hata balbu moja. Mto unapita mbele yetu kuingia ziwani ukiwa umekwisha kufanya kazi kwa ajili ya wengine.

Kaskazini, Parke ya Virunga ilianza kujenga mitambo ya umeme wa maji, Mutwanga mwaka 2013 na Matebe mwaka 2015, na jirani wa parke wakaanza kuona kwamba msitu unaweza kutoa taa pia, si marufuku tu. Vita vimeichelewesha kazi hiyo, lakini mitambo ipo. Itombwe ina maporomoko mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hadi leo msitu huo umetupa mpaka, haujatupa taa. Watetezi wa miaka ile kumi walishinda neno la ardhi. Neno la moto wa kupikia na la taa halikuwekwa mezani vya kutosha, na kwa maoni yetu hilo lilikuwa kosa. Mtu hawezi kuacha makala kwa sababu ya gorila ambaye hajamwona. Anaweza kupunguza kama ana jiko zuri. Yale majiko ya udongo ya kambini, tuliyoyaacha mara tu tulipofika kwetu kwa sababu yalitukumbusha ukimbizi, wamama watano wa chama wameanza kuyafinyanga tena, na gunia la makala linalomalizika kwa wiki mbili sasa linavuka ya tatu. Wavuvi nao wameacha taa za petroli, wengi wanavua ndagala kwa taa za betri zinazochajiwa na jua. Hakuna aliyewalazimisha. Petroli ilipanda bei.

Tumalize na sheria, kwa kifupi, ju wengine wataziuliza. Mwaka 2014, tarehe 2 mwezi wa 8, ilitoka dekreti inayoruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wao uwe wa jamii, mpaka hektari 50,000, bila kununua na bila kikomo cha miaka. Sahihi inatoka kwa gavana. Kati ya Kahuzi na Itombwe shirika la Bukavu linaloitwa Strong Roots linasaidia vijiji kuunganisha misitu ya namna hiyo ili nyama wapite na watu wabaki. Mwaka 2022 inchi ilipata sheria ya kulinda haki za Batwa. Na mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyosema kwamba Kongo iliwakosea Batwa wa Kahuzi, na kwamba warudishiwe ardhi, walipwe fidia na waombwe msamaha. Miaka karibu hamsini baada ya 1975. Wengi waliofukuzwa hawakuishi kuisikia.

Turudi kwa mama yetu. Baada ya mkutano, vijana wawili wa chama walipanda naye. Walikuwa na simu yenye GPS na nakala ya ramani ya 2016. Walitembea kuzunguka shamba lote, miti ya avoka ikiwa katikati. Shamba lote limo ndani ya mpaka wa rezavu, lakini katika fungu la matumizi, si lile lisiloguswa. Kutoka mwisho wa shamba mpaka fungu lisiloguswa kuna kijito kimoja tu. Kwa hiyo anaweza kulima, na kijito asikivuke. Chefu wa grupema aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawaambia kwamba amri hiyo ya 2016 amesikia ikisemwa lakini hajawahi kuiona kwa macho. Walimwachia nakala, naye akaigonga muhuri nyuma kuonyesha ameipokea.

Pikipiki kwenda na kurudi, pamoja na fotokopi, ziligharimu faranga 120,000 kutoka sanduku la chama, na risiti ziko kwa mweka hazina. Wengine wenye mashamba upande huo waandikishe majina kwa katibu kabla ya mvua kuharibu njia. Mama amekwisha kupanda maharagi.